Bafle Iliyoanza Kusema

Nadège Asende ni seremala, na hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, watu wengi wanamjua kwa milango. Mlango wake haukwami mvua ikinyesha, na hilo peke yake lingetosha kumpa jina. Karakana yake ni banda la mabati kando ya barabara ya soko. Ukipita mchana utamkuta ameinama juu ya benchi, penseli imechomekwa kwenye kilemba, anabishana na ubao kama mtu anayebishana na shemeji yake.

Mimi nilikuwa naimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu wakati haya yalipotokea, kwa hiyo mengine niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki alinisimulia yeye mwenyewe, na kila anaposimulia huongeza swali moja ambalo mara iliyopita hakuwa nalo.

Mwaka ule ziwa lilipopanda, maji yaliingia mpaka ndani ya kanisa na kukaa siku nne. Tuliokoa viti, tukaokoa ampli ya kukuza sauti na magitaa. Tulichosahau ni bafle moja ya besi. Bafle ndivyo tunavyoyaita huku makasha ya kutolea muziki, na zile mbili za besi zilikuwa kubwa kama kabati za nguo, zilizovushwa kutoka Bujumbura zamani kwa boti. Moja ilikuwa juu ya jukwaa, haikuguswa na maji. Nyingine ilikuwa chini kwenye kona, ikanywa maji mpaka magotini.

Kiongozi wa kwaya yetu, Bienfait, aliita wanaume sita, wakaibeba mpaka kwa Nadège.

“Mama Nadège,” alimwambia, “hii bafle imeoza chini. Spika yenyewe iko muzima, tumeitoa na kuikausha. We tengeneza tu mbao, irudi sawa vile ilikuwa.”

Nadège aliifungua upande wa nyuma. Alitegemea kukuta kasha tupu. Badala yake akakuta vipande vingi vya triplex, zile mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, vilivyolowa, vimevimba na kuangukiana kama maandazi yaliyoachwa kwenye chai. Kilichokuwa ubao na kilichokuwa gundi havikutofautishwa tena. Akavichota kwa koleo na kuvitupa nje. Alifikiri ni mbao za kuimarisha tu, za kuzuia kasha lisipinde, na akamcheka kimoyomoyo yule seremala wa Bujumbura aliyejaza mbao pasipo na kazi.

Kasha jipya alilotengeneza lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Pembe zake zilikutana bila upenyo, na rangi yake nyeusi iling'aa. Ndani aliweka ubao mmoja tu katikati wa kubeba spika, na juu ya ubao huo akaacha nafasi wazi ili waya zipite kwa raha. Tulilipokea kwa makofi. Tena, kwa sababu lilikuwa zuri, tuliliweka juu ya meza ili watu wote walione.

Jumapili, mhubiri alipanda jukwaani na kusema, “Bwana asifiwe!” Na ile bafle juu ya meza ikasema, “Bwana asifiwe!”

Lazima nieleze hapa. Zamani kanisa lilikuwa na kifaa kidogo cha kugawa sauti, kilichotuma besi kwenye bafle za besi na sauti nyembamba kwenye zile ndogo za juu. Kifaa hicho kilikufa miaka mingi iliyopita, tukaunganisha waya moja iliyobeba kila kitu kwenda kila mahali. Lakini hata hivyo bafle za besi hazikuwahi kusema. Mtu akiongea, zilinguruma kwa mbali tu. Sasa ilikuwa kama mhubiri wa pili amejificha ndani ya kasha. Watoto wa mbele waliinuka kwenda kuchungulia nyuma yake.

Halafu Élie, mpiga gitaa letu la besi, akagonga waya wa chini kabisa. Kutoka kwenye bafle ya zamani besi ilitoka kama kawaida, ukaisikia kwenye nyayo. Kutoka kwenye ile mpya ilitoka sauti kama ya mtu anayepiga godoro. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, sitaficha.

Baada ya ibada Bienfait alimwambia, “Mama Nadège, umetutengenezea kabati muzuri sana. Tutaweka nguo za kwaya ndani.”

Nadège anasema aibu ilimkaa usoni kwa muda wa kuvuka barabara tu. Baada ya hapo kilichomshika ni kitu kingine. Spika ilikuwa ileile. Waya ilikuwa ileile. Ampli ileile. Kilichobadilika ni mbao, na mbao ni kazi yake. Mbao inawezaje kujua hili ni neno na ile ni ngoma, ipitishe hili na kukataa ile?

Kesho yake akarudi kwa Bienfait.

“Papa Bienfait, naomba nifungue ile ya muzima. Nione ndani tu.”

“Apana! Imebaki moja. Ukifungua hii pia, tutaimba na mikono.”

“Sasa nitajua namna gani vile ilikuwa?”

“We njo fundi, si mimi,” alisema Bienfait.

Siku kadhaa Nadège alimwuliza kila aliyesimama karakanani. Mwenye baa mmoja alimwambia bafle ni nguvu ya ampli, mbao ni pambo. Mwalimu mmoja alimwambia aandike barua kwa kiwanda. Aliyemsaidia ni Akimana, mwanamke wa Kirundi anayekuja siku za soko kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda kuuza unga wa muhogo. Alikuwa amekuja kuagiza kigoda, akamkuta Nadège akichora kasha chini kwa penseli.

“Hii ni bafle ya pembe?” aliuliza.

“Ya pembe namna gani?”

“Baba yangu alikuwa anasema hivyo. Alifanya kazi ya muziki wa harusi Bujumbura, miaka mingi. Alikuwa anazibeba kama hizo, anazitengeneza. Njoo umuulize, lakini masikio yake hayako muzuri.”

Alhamisi Nadège alipanda pikipiki mpaka Lusenda. Alimkuta baba yake Akimana, mzee Léonidas Nijimbere, mbele ya nyumba, amefungua redio juu ya gunia na anaipanga upya. Ni mwanamume mwembamba mwenye mabega ya mchukuzi. Nadège akamsalimu, mzee akamtazama midomo tu. Akimana akacheka na kumwita yaya, yaani dada mkubwa.

“Ongea na sauti munene, yaya. Sauti nyembamba hasikii tena. Ndege hasikii, watoto hasikii. Ongea kama mwanaume.”

Kwa hiyo Nadège, ambaye sauti yake ni nyembamba kiasi cha kuimba ya kwanza kwayani, alikaa kwenye kigoda na kuongea kama mwanaume. Alieleza kila kitu: maji, koleo, kasha jipya, mhubiri wa pili. Léonidas alimsikiliza akiwa ameweka kiganja juu ya goti la Akimana, na binti yake alirudia maneno yaliyompotea.

“Ulitupa mbao za ndani?” aliuliza mwishoni.

“Nilitupa.”

“Zote?”

“Zote, muzee.”

Léonidas alishika kichwa. Kisha akachukua karatasi ya spika iliyochanika, ile nyeusi yenye umbo la bakuli, akaisukuma mbele na nyuma kwa kidole.

“Angalia. Ikisukuma hewa huku, inavuta hewa kule. Nyuma ya spika lazima kuwe chumba kimefungwa, hata sindano isipite. Wewe umeacha mlango juu. Hewa ya mbele inakimbia kujaza nyuma, inazunguka ndani ya kasha lako, inafurahi, haina haja ya kutoka nje. Besi yako imebaki mle.”

“Na maneno? Juu ya nini maneno yanatoka, na besi inabaki?”

Mzee alimwomba Akimana mkeka. Akaukunja kama pembe, mdomo mmoja mwembamba kama ngumi, mwingine mpana kama beseni. Akaweka redio ndogo iliyowashwa kwenye mdomo mwembamba.

“Niambieni mnasikia nini. Mimi masikio yangu nimeyaacha kwenye harusi za watu.”

Redio ilikuwa ile ya kutosha mtu mmoja kando ya mto wake wa kulalia. Sasa mtangazaji alisikika mpaka kwa jirani, na jirani akatoka kuuliza ni mkutano gani. Nadège aliinuka. Aliutoa mkeka, akaurudisha, akautoa, akaurudisha. Betri ileile, redio ileile.

“Spika ni ndogo, hewa ya nje ni kubwa,” alisema Léonidas. “Ikisukuma peke yake ni kama mtu anapiga ziwa kwa kijiko. Pembe inaisaidia kushika hewa kidogo, halafu nyingi, halafu nyingi zaidi. Polepole. Ukifungua haraka, inateleza. Na kwa besi pembe lazima iwe ndefu, na mdomo mukubwa, kwa sababu besi yenyewe ni ndefu. Nani atabeba pembe ya mita tatu kwenye harusi? Kwa hiyo wanaikunja ndani ya kasha.”

“Wanaikunja!”

“Mbao zako ulizotupa.”

Nadège anasema aliona tena koleo lake likizichota. Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Akamwambia Akimana ashike mkeka na kuupindisha kwenye kona ya nyumba, upite ukutani na kugeuka. Akimana akaupindisha, Nadège akaenda upande wa pili kusikiliza. Mtangazaji alikuwa bado anaongea, lakini kama mtu mwenye mdomo umejaa bugali. Mwishoni mwa habari ulipigwa muziki, na hapo akasikia ngoma safi, karibu, na waimbaji kwa mbali.

“Iko namna gani?” alipaza sauti Léonidas.

“Maneno imeharibika! ‘S’ zote zimepotea. Ngoma imebaki!”

“Ego! Ndiyo hivyo! Sauti nyembamba ni fupi, ikifika kwenye kona inagonga ukuta, inarudi, inapotea. Ile nene ni ndefu kuliko kona yenyewe. Haijui hata kama kona iko.”

Nadège alibaki amesimama upande ule wa nyumba, peke yake, sikio kwenye mkeka. Zile mbao hazikuwa za kubeba kitu. Zilikuwa za kuchuja.

Aliporudi Baraka, alikuwa na swali jingine, kwa sababu Léonidas hakukumbuka vizuri njia ile ilikunjwa mara ngapi. Yeye alisema mara mbili. Nadège aliona ni chache, akitazama ukubwa wa kasha. Bila kumwambia Bienfait zaidi ya nusu ya mpango wake, aliingia kanisani na mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, na kipande cha kioo. Alikaa chini mbele ya bafle nzima na kuanza kuusukuma mpira ndani ya mdomo wake polepole.

Bienfait alimkuta katikati ya kazi.

“Unainywesha maji?!”

“Mupira haina maji, papa. Napima. Shika hapa.”

Bienfait, ambaye alikuja akiwa na hasira, akajikuta ameshika mpira. Kasha lile halikufika mita moja kwenda nyuma. Mpira uliingia mita moja, ukaendelea. Uliingia mita moja na nusu, ukakwama kidogo, Nadège akauzungusha, ukaendelea. Ulisimama kabisa ulipofika mita mbili na sentimita thelathini.

“Imeenda wapi?” aliuliza Bienfait.

“Imezunguka. Mara tatu. Nilihisi kona tatu.”

“Ndani ya hii?”

“Ndani ya hii.”

Bienfait aliinama akachungulia kwa kioo na taa ya simu. Nadège anasema tangu dakika ile hakuwahi tena kulitaja neno kabati.

Nadège alianza na maboksi ya katoni. Alikata, akakunja, akafunga kwa kamba, akapata njia inayoanza nyembamba kwenye spika na kupanuka kidogo kidogo mpaka mdomoni. Kisha akahamisha vipimo kwenye triplex. Chumba cha nyuma alikifunga kwa gundi na misumari, akapaka gundi tena juu ya misumari. Wiki mbili hakupokea mlango wa mtu. Wateja walinung'unika, mmoja akaenda kwa seremala mwingine, akamwacha aende.

Ilipokamilika aliiweka juu ya benchi na kumwita Élie na gitaa lake. Mtangazaji wa redio alijaribiwa kwanza, na bafle haikusema. Ilinguruma tu. Nadège alipiga makofi. Lakini Élie alipopanda na kushuka kwenye waya zake, noti moja ilitoka kama ng'ombe analia, na zile za jirani karibu hazikusikika kabisa.

“Imependa noti moja,” alisema Élie. “Zingine inazidharau.”

Siku ya soko Akimana alimleta baba yake. Léonidas alizunguka bafle, akaweka viganja vyote viwili juu ya ubao, akamwonyesha Élie kwa kidevu aanze kupiga. Alifumba macho. Viganja vilitembea, vikashuka upande wa kulia, vikasimama kwenye kiungo cha nyuma.

“Hapa inapumua.”

Nadège akaweka mkono. Kweli, kila noti ilipopigwa, kijiupepo kidogo kama cha mtu anayezima mshumaa kilimgusa kidole. Ufa usiozidi unywele. Akauziba. Noti ya ng'ombe ikatulia kidogo, lakini bado.

“Sasa ishushe chini,” alisema mzee. “Juu ya benchi unafanya nini nayo? Chini. Ndani ya kona.”

“Watu hawataiona.”

“Wataisikia. Mdomo wake ni mudogo kwa kazi hii. Ukiiweka kwenye kona, sakafu na kuta mbili zinaendeleza pembe mbele. Nyumba inamalizia kile mbao imeshindwa.”

Wakaishusha, wakaiburuta mpaka kwenye kona ya duka la jirani, pale palipokutana kuta mbili za matofali. Élie akapanda na kushuka. Safari hii noti zilifuatana kama watu kwenye mstari, mmoja mrefu kidogo, mwingine mfupi kidogo, lakini wote wapo. Chupa za soda kwenye rafu za jirani zikaanza kutikisika, mwenye duka akatoka mbio.

Hapo ndipo Nadège alikumbuka kwamba bafle yetu ya kwanza, kabla ya maji, ilikuwa sakafuni kwenye kona. Sisi ndio tulioipandisha mezani, kwa sababu ya uzuri wake.

Jumamosi mchana tukaifanyia majaribio kanisani. Nilikuwepo. Tulikuwa kwaya nzima, na Léonidas alikaa benchi la tatu, kiganja kimoja kwenye ubao wa benchi na kingine kifuani. Tulipoanza, sikuitazama bafle, nilimtazama yeye. Mwanzoni uso wake haukuonyesha kitu. Halafu kidole kimoja kikaanza kugonga benchi, kwa wakati wake hasa, na midomo ikafuata. Akimana aliyekuwa kando yake aligeukia dirishani na hakugeuka mpaka wimbo ulipokwisha.

“Tangu tuvuke kuja huku sijashika muziki wote hivi,” alisema mzee. Kisha akamnyooshea Élie kidole. “Wewe. Ubeti wa pili, noti ya tatu umekosa.”

Élie alifungua mdomo kukana, akaufunga. Alikuwa amekosa kweli, na kati yetu sote wenye masikio hakuna aliyesikia.

Bienfait alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alienda kwenye bafle ile ya zamani, akaigonga kwa mkono, akamwambia Nadège, “Ifungue. Uone kama ulipata.”

Hakuombwa mara mbili. Tulisimama tumemzunguka akifungua skrubu moja baada ya nyingine na kuziweka kwenye kofia ya Élie. Ubao wa nyuma ulipotoka, Nadège alipiga magoti na kuingiza kichwa chote ndani pamoja na taa. Tulisikia sauti yake kutoka humo, nzito na bila ‘s’.

Kona zilikuwa tatu, alipata. Chumba cha nyuma kimefungwa, alipata. Lakini mbao za pembeni zilikuwa zimepindishwa, si nyoofu kama zake, na mbele kabisa ya spika, kabla njia haijaanza, kulikuwa na kijichumba kifupi ambacho yeye hakukiweka.

“Hiki ni cha kazi gani?” aliuliza.

Léonidas alikisikiliza kwa vidole, akatikisa kichwa. “Nafikiri hicho pia kinachuja. Sauti nyembamba inaingia mle, inachoka kabla ya safari. Lakini sijui vizuri, mwanangu. Mimi nilikuwa nazibeba.”

Kwa hiyo bafle zetu mbili hazifanani. Ya Bujumbura ni safi zaidi, haipitishi neno hata moja. Ya Nadège inanong'ona kidogo mhubiri akipandisha sauti, ila kwenye noti mbili za chini kabisa inamshinda mwenzake, na mpaka leo hakuna aliyemweleza kwa nini. Ametengeneza nyingine nne, mbili zikaenda Mboko. Kila moja aliijaribu kwa kijichumba kikubwa zaidi au kidogo zaidi, anaandika kwenye daftari alichosikia, na Ijumaa anapanda pikipiki kwenda Lusenda kumsomea Léonidas kwa sauti ya kiume.

Mwezi uliopita walimwita Fizi, kule juu milimani. Shule moja ilinunua bafle yake, ndani ya ukumbi inatikisa madirisha, lakini walipoitoa nje uwanjani siku ya michezo besi ikapotea kama imebaki darasani. Walidhani imeharibika. Nilimkuta asubuhi anafunga mpira wa maji na kamba nyuma ya pikipiki.

“Kule uwanjani hakuna ukuta,” nilimwambia, nikijifanya najua.

“Hiyo najua. Mi nataka kujua bafle ngapi zinaweza kusimama pamoja mpaka midomo yao iwe mudomo mumoja.” Alivuta kamba kuhakikisha imekaza. “Na banasema ukisimama nyuma yake pale uwanjani unasikia besi sawasawa na mbele. Nyuma! Pembe inaangalia mbele, sasa besi inapita wapi?”

Akapanda, dereva akawasha, wakashika barabara ya milimani.